Apolo Kivebulaya: Mgeni Aliyelazwa Ugenini

Katika toleo hili kamati ya jarida inawaletea maisha ya mtumishi mmoja ambaye jina lake hukumbukwa katika Kanisa la Uganda kila ifikapo tarehe 30 Mei, yaani Kanoni Apolo Kivebulaya. Hatukumchagua kwa sababu ya sikukuu. Tumemchagua kwa sababu ya jambo lililotupata sisi wenyewe.

Msimu wa mvua uliopita tulifiwa na mzee wetu mmoja hapa makazini. Alikuwa mtu wa Mutwanga, upande wa Kongo, chini ya mlima Rwenzori. Watoto wake walitaka mwili urudishwe kwa njia ile ile tuliyojia wengi wetu: Kasese, Bwera, hadi Mpondwe, uvuke mpaka, azikwe karibu na wazazi wake. Tulikaa usiku kucha tukihesabu. Gari lilikuwa ghali. Njia ya ng'ambo haikuwa salama. Karatasi za kuvusha maiti zilihitaji siku ambazo hatukuwa nazo. Kulipokucha tukakubaliana azikwe hapa.

Lakini likazuka swali jingine: kichwa kielekee wapi? Wengine walisema kielekee magharibi, kwa kuwa nyuma ya mlima ndiko kwao. Kijana mmoja akasema mtu akishakufa hana kwao tena, na shimo ni shimo. Maneno hayo yaliwaudhi wazee, na mama wa watu akalia upya. Mwisho tulimlaza kichwa magharibi, tukafukia, tukaenda kunawa mikono.

Jioni yake, mwinjilisti mmoja mzaliwa wa Boga alitukumbusha kwamba Apolo naye alilazwa kichwa magharibi. Tofauti ni hii: kwa mzee wetu, magharibi ni nyumbani. Kwa Apolo, magharibi ndiko ulikokuwa ugeni. Tukaona si vema habari hiyo iishie kwenye mkeka wa matanga.

Mtoto wa mapacha

Apolo alizaliwa karibu na mwaka 1864 katika kijiji cha Kiwanda, Buganda, si mbali na mji tunaouita leo Kampala. Alizaliwa pacha, kwa hiyo aliitwa Waswa, jina ambalo Waganda humpa pacha wa kwanza wa kiume. Baba wa mapacha huitwa Salongo na mama Nalongo, na watu huwaheshimu kwa majina hayo maisha yao yote. Watoro nao wana desturi kama hiyo, ila pacha wa kwanza humwita Isingoma. Mapema kabisa, basi, tunakutana na jambo litakalorudi mara nyingi katika habari hii: majina hubadilika mtu avukapo mto, lakini furaha ya kupata mapacha haibadiliki.

Alikulia katika nchi iliyokuwa ikivutwa huku na huku. Waislamu kutoka pwani walikuwa wamekwisha kufundisha katika jumba la Kabaka. Baadaye walifika wamisionari wa Kiingereza mwaka 1877 na wa Kifaransa mwaka 1879. Kijana Waswa alivutiwa kwanza na mafundisho ya Uislamu, kisha akamsikiliza Alexander Mackay, yule fundi na mwalimu Mskoti aliyefariki mwaka 1890 kusini mwa ziwa. Tangu hapo akaelekea kwa wasomaji, maana ndivyo Wakristo walivyoitwa siku hizo.

Mwaka 1888 Buganda iliwaka moto wa vita vya dini. Wakristo wengi wa Buganda, Waprotestanti na Wakatoliki, walikimbilia nchi ya Nkore na kupewa mahali pa kukaa huko Kabula. Tunapenda jambo hili lijulikane kwa vijana wetu wanaodhani ukimbizi ulianza na sisi. Wale waliokuja baadaye kuwa walimu na machifu walikuwa wamekula chakula cha ugenini kwanza.

Jina la kitu cha Ulaya

Alibatizwa Januari 1895, akachukua jina Apolo, kwa yule mwalimu hodari wa maneno anayetajwa katika Matendo ya Mitume. Jina la Kivebulaya si la ukoo. Ni jina la utani, na maana yake kwa Kiganda ni kitu kilichotoka Ulaya. Inasimuliwa kwamba alipenda kuvaa koti jekundu la kijeshi, na watu wakamcheka kwa hilo. Utani ukashika, akazikwa nao.

Sisi tunaujua utani wa namna hiyo. Mtu akifika hapa na koti la mitumba lenye maandishi ya timu ya ng'ambo, kabla ya wiki kwisha anaitwa kwa jina la timu. Lakini katika jina la Apolo kuna jambo la kufikirisha. Aliitwa kitu cha Ulaya, naye hakuwa Mzungu, wala hakukaa Ulaya. Kila alikokwenda, watu walitazama nguo kwanza. Ilimbidi akae nao miaka ndipo waone aliyekuwa ndani ya nguo.

Njia ya Toro

Siku hizo hakukuwa na mji wa Kasese. Kilichojulikana upande huu ni chumvi ya Katwe. Watu walikuja kuichota na kuinunua kutoka kila upande, wakaondoka na mizigo kichwani. Stanley alipita karibu na ziwa hilo la chumvi mwaka 1889 akitoka bonde la Semliki. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alijenga boma pale Katwe, na mwaka huo huo akamsimika Kasagama kuwa mfalme wa Toro.

Hayo yana uzito kwa habari yetu. Apolo alipotumwa Toro kuwa mwalimu mwaka 1895, hakufika kama mtu asiye na upande. Alikuwa Mganda, na Waganda ndio walioongozana na Waingereza katika safari zao za silaha. Kitabu alichofundishia kilikuwa cha Kiganda, maana Biblia ya lugha ya Watoro ilikuwa haijakuwapo. Alibeba habari njema, ni kweli, lakini mwenyeji aliyemwona akija angeweza pia kuona kivuli cha bunduki nyuma yake. Hakujitafutia kivuli hicho. Hata hivyo kilimfuata.

Mwaka 1896 mfalme Kasagama alibatizwa kwa jina la Daudi, na wasomaji wakaongezeka Toro. Ndipo ikaja habari kutoka ng'ambo ya mto Semliki, mahali paitwapo Mboga, ambapo sisi leo tunapaita Boga. Walimu wawili waliotangulia kule walikuwa wamerudi. Mtawala wa Mboga, Tabaro, alikuwa amekataa wapewe chakula. Alitafutwa mtu mwingine wa kwenda, na Apolo akakubali.

Jembe begani

Inasimuliwa kwamba kabla ya kuondoka Apolo alinunua jembe kwa kauri, zile simbi zilizotumika kama fedha. Wengine walitaraji abebe vitabu tu. Yeye alisema kwa vitendo kwamba kama wenyeji hawatamlisha, atalima.

Walizunguka miguu ya kaskazini ya Rwenzori, wakateremka bonde lenye joto la Semliki, wakavuka mto, wakapanda upande wa pili mpaka Mboga. Ilikuwa mwisho wa mwaka 1896. Apolo alikuwa mtu wa zaidi ya miaka thelathini, anayetoka katika nchi ya migomba na ziwa, na sasa alikuwa juu ya ukingo wa bonde, nyuma yake tambarare na mbele yake msitu usioonekana mwisho.

Hapa tunataka kusema neno kuhusu jembe. Siku ya kwanza tulipopewa kipande cha ardhi hapa makazini, wenyeji walituangalia kutoka barabarani. Hatukujua lugha yao vizuri. Chakula chao tulikiita ugali, wao wakakiita posho. Sombe tuliyoitwanga waliiona kama majani ya kulishia mbuzi. Lakini tulipoanza kupanda maharage, mama mmoja mwenyeji alikuja akatuonyesha kwamba udongo huu hautaki mashimo yenye kina kirefu. Hakuna mkutano uliotupatanisha. Mkono uliotambua mkono mwingine kwa jinsi unavyoshika jembe ndio uliofungua njia. Apolo alilijua jambo hilo kabla hajavuka mto.

Mgeni hushukiwa wa kwanza

Mwanzo wa Mboga haukuwa mzuri. Apolo aliwafundisha watu kusoma, lakini pia aliwahubiria waache waganga, walevi waache pombe, na wanaume waache ndoa za wake wengi. Tusimfanye malaika. Alikuwa na ujasiri, na mara nyingine ujasiri wa mgeni humwumiza mwenyeji. Tabaro alimwona kama mtu aliyekuja kuvunja nyumba yake. Tena mwalimu huyu alitoka upande wa Toro, kuliko na mfalme mwingine na askari wa Kiingereza. Si vigumu kuelewa kwa nini mtawala aliogopa.

Apolo alipigwa vibaya. Nyumba yake iliteketezwa. Kisha yakaja mabaya zaidi. Mwanamke mmoja wa jamaa ya mtawala aliangukia mkuki, akafa. Ilikuwa ajali, lakini lawama ilimwangukia mgeni. Apolo alifungwa na kupelekwa mpaka boma la Fort Gerry, mji tunaouita leo Fort Portal, akawekwa kifungoni kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Baadaye aliachiliwa, maana hatia haikuonekana.

Kwetu sisi sehemu hii ya habari haihitaji maelezo marefu. Palipo na msiba, macho hugeukia kwa mgeni kwanza. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi waliwaua wanafunzi wa shule ya sekondari pale Mpondwe, wilaya ya Kasese. Watoto wale walikuwa watoto wa watu waliotupokea. Siku zilizofuata, sisi tunaosema kwa lafudhi ya Kongo tulinyamaza kwenye mabasi. Wengine wetu tuliulizwa maswali mengi njiani, na tukajibu. Hatuwalaumu walioulizwa wakauliza, wala walioogopa wakatutazama mara mbili. Waasi hao hao ndio waliotufukuza kwetu. Lakini ni kazi ngumu kumweleza mtu aliyefiwa kwamba wewe na yeye mnamkimbia adui mmoja.

Apolo alikuwa na sababu zote za kutorudi Mboga. Alikuwa amepigwa, amechomewa, amefungwa. Alisimulia baadaye kwamba alimwona Kristo katika ndoto aking'aa kama jua, akimtuma aende msituni naye atakuwa pamoja naye. Alirudi. Na watu wa Mboga, walipomwona yule waliyempeleka amefungwa kamba akija tena kwa miguu yake, walikuwa na jambo jipya la kufikiri. Tabaro mwenyewe baadaye aliingia darasani, akabatizwa kwa jina la Paulo.

Mpaka uliohama

Baadaye Apolo aliitwa arudi Toro, akafanya kazi huko miaka mingi. Aliwekwa kuwa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Alitembea vijiji vya nchi ile kwa miguu, akajifunza lugha yao mpaka akaitumia kama yake. Maandiko ya lugha hiyo nayo yalikuwa yakichapwa miaka ile, na watu wakaanza kusoma kwa maneno waliyonyonya kwa mama zao. Apolo aliendelea kuandika kumbukumbu zake katika daftari kwa Kiganda. Alikuwa na lugha ya kufanyia kazi na lugha ya kuongea na nafsi yake. Wengi wetu tunajua maana yake.

Wakati huo huo mambo mengine yalikuwa yakiamuliwa mbali. Mwezi Mei 1910, mjini Brussels, wajumbe wa Uingereza, Ubelgiji na Ujerumani walikubaliana mipaka ya sehemu hizi. Mboga, ambayo Waingereza walikuwa wameihesabu kuwa upande wa Uganda, ikaangukia Kongo ya Wabelgiji. Katika mapatano hayo hayo mstari ulipita katika Rwenzori na kushuka kando ya mto Lubiriha, pale tulipovukia sisi. Bakonzo wakabaki upande wa Bwera, na ndugu zao Banande wakabaki upande wa Kasindi na Beni. Lugha zao zinafanana kiasi kwamba mtu wa Beni akisalimia sokoni Mpondwe anajibiwa bila mkalimani.

Mama mmoja wa kanisa letu alituambia kwamba siku alipovuka pale Mpondwe na watoto wanne, hakujua ni hatua gani ilimfanya kuwa mkimbizi. Udongo ulikuwa ule ule na ndizi zile zile. Mwanamke aliyempa maji Bwera alimwita kwa jina la heshima ambalo shangazi yake hulitumia. Kilichobadilika ni fedha na sare ya askari.

Apolo naye angeweza kusema hayo. Alikuwa amefanya kazi Mboga ikiwa nchi moja, na alipohamia tena katikati ya miaka ya 1910 ilikuwa nchi nyingine. Wakubwa sasa walikuwa Wabelgiji, na kanisa lake la Kiingereza lilikuwa mgeni mbele ya serikali ile. Angeweza kukaa Toro, alikoheshimiwa na kujulikana. Alichagua kwenda ng'ambo, na safari hii alikwenda kukaa.

Katika Msitu

Mwaka 1922 alifanywa Kanoni wa Namirembe. Cheo hicho kingemfaa mtu apumzike karibu na kanisa kuu. Yeye alikuwa ameanza kuingia zaidi katika msitu wa Ituri, kwa Wambuti.

Wambuti ni watu wa msitu. Huwinda kwa nyavu, hutafuta asali, na wanawake wao hujenga vibanda vya fito na kuviezeka kwa majani mapana kwa muda mfupi. Nyama na asali huzipeleka kwa majirani walimaji, wakapata ndizi na vyuma. Lakini majirani hao tangu zamani wamewahesabu kuwa watu wa chini. Tukiri sisi tunaotoka Ituri na Kivu: hata leo wako kati yetu wanaowataja Wambuti kwa kejeli, na hapa ukimbizini, ambapo sote tunapanga foleni moja, kejeli hiyo haijaisha.

Kabla ya hapo Wazungu kadhaa walikuwa wamepita katika msitu ule na kuandika vitabu. Walipima urefu wa watu, wakasimulia maajabu, wakaendelea na safari. Apolo hakupita. Alikaa, akarudi, akakaa tena. Alipeleka walimu, akajifunza maneno yao, na inasimuliwa kwamba alianza kuitia Injili ya Marko katika usemi wao. Mwaka 1932 Wambuti wa kwanza walibatizwa, mwaka mmoja kabla hajafa.

Tumejiuliza kwa nini Mganda ndiye aliyeona jambo ambalo majirani wa karibu hawakuliona. Huenda jibu ni hili. Jirani alikuwa amemzoea Mmbuti tangu utoto, kwa hiyo hakumtazama tena. Mgeni hakujua nani anapaswa kudharauliwa, na alipoambiwa hakukubali haraka. Yeye mwenyewe alikwisha kuitwa kitu. Alikwisha kunyimwa chakula na kupigwa. Ugenini ulikuwa umemnyang'anya ukubwa wa kwao, na alipouacha aliweza kuketi chini kwenye kibanda cha majani bila kuona kwamba ameshuka.

Katika miaka yake ya utumishi Apolo hakuwa na mke wala mtoto wa kuzaa. Nyumba yake Mboga, hata hivyo, haikuwa tupu. Alilea watoto wa watu wengine, yatima na waliokosa pa kukaa. Kwa desturi za Kiafrika mtu asiye na mtoto hana wa kumzika. Watoto wale ndio walioijaza nafasi hiyo.

Kichwa magharibi

Mwaka 1933 nguvu zilimwishia. Alikuwa na umri wa karibu miaka sabini. Haja yake ilikuwa afie Mboga, wala hakutaka mwili wake urudishwe Buganda. Alifariki huko tarehe 30 Mei 1933.

Desturi ilikuwa kumlaza maiti kichwa kikielekea kwao. Kwa Apolo ingekuwa mashariki, ng'ambo ya Semliki, kuelekea Kiwanda na makaburi ya Salongo na Nalongo. Yeye aliagiza kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, maana kazi ilikuwa bado inakwenda huko. Wakafanya hivyo.

Kazi ilikwenda kweli. Kutoka Mboga kanisa lilienea Kongo. Mwaka 1972 likapata dayosisi yake ya Boga, na mwaka 1992 Waanglikana wa nchi ile wakawa na jimbo lao wenyewe lenye askofu mkuu. Lakini habari haikuishia katika mafanikio. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, siku ile ile ya kumkumbuka Apolo ilipokuwa inakwisha, Boga na kijiji jirani cha Tchabi vilishambuliwa, na watu zaidi ya 50 waliuawa. Waliobaki walikimbia. Baadhi yao walivuka Semliki kuelekea mashariki, kwa njia aliyoijia Apolo, wakiwa na watoto mgongoni. Hivyo wajukuu wa kiroho wa yule mgeni kutoka Uganda wakawa wageni Uganda.

Tunajua kuna tofauti kubwa kati yake na sisi, na hatutaki kuificha. Apolo alikwenda kwa hiari. Sisi tulikimbia. Yeye alichagua kaburi lake. Mzee wetu hakulichagua, alichaguliwa na bei ya gari na bunduki za ng'ambo. Kumwambia mkimbizi afurahie ugeni kwa kuwa Apolo aliupenda ni kumwongezea mzigo. Hatusemi hivyo.

Tunasema neno dogo zaidi. Kwa Mutwanga jua huchomoza nyuma ya Rwenzori. Kwa Kasese jua huzama nyuma ya Rwenzori hiyo hiyo. Mzee wetu aliuangalia mlima huo miaka sabini kutoka upande mmoja, na miaka michache ya mwisho kutoka upande wa pili, na alipenda kutuambia kwamba theluji ni ile ile. Apolo naye aliuzunguka maisha yake yote. Mwaka 1896 watu wa Mboga walikuwa na haki ya kumwuliza alikuja kufanya nini, na jibu walilipata polepole, kwa jembe, kwa kurudi kwake baada ya kifungo, na kwa watoto aliowalea. Wenyeji wetu hapa nao wana haki ya kutuuliza. Nasi tuna haki ya kupewa muda wa kujibu.

Kijana yule aliyesema shimo ni shimo alikuja wiki iliyofuata akapanda mgomba karibu na kaburi la mzee. Mwenye shamba jirani, ambaye ni mwenyeji, ndiye aliyempa chipukizi. Mgomba umeshika.

Maswali ya kujadili katika vikundi vya nyumbani

1. Ni jina gani la utani tulilopewa au tulilowapa wengine kwa sababu ya watokako? Linasaidia au linaumiza?

2. Apolo alikuja na jembe. Sisi tumekuja na nini ambacho mwenyeji anaweza kukitambua?

3. Je, katika familia yenu mmezungumza mahali pa kuzikwa kabla msiba haujafika? Tunawashauri mzungumze mapema, wazee wakiwa wazima na vijana wakisikiliza.

Kwa leo tunaishia hapa. Mungu awalinde nyumbani mwenu, na awalinde wale tuliowaacha ng'ambo.

Kamati ya Jarida